Herufi zenye kingo za rangi

SWALI: Nimehamia mfumo wa kompyuta wa Linux majuzi. Kila kitu shwari, ila herufi ndogo zimekonda na kingo zake zina wekundu na ubuluu. Skrini yangu ina pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, nami nimeisimamisha wima ili nisome kurasa ndefu. Ninunue nyingine?

JIBU: Usinunue kitu, ndugu yangu. Umejijibu mwenyewe uliposema “wima”. Kila pikseli ina vipande vitatu, chekundu, kijani na buluu, vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. FreeType, programu inayochora herufi, huvitumia kulainisha kingo. Ukigeuza skrini, vipande hupangana juu na chini, lakini programu haina habari, ndipo rangi hujitokeza kingoni. Mimi ugonjwa huu ulinila wiki nzima, nikiilaumu miwani!

Fungua mipangilio ya fonti, acha ulainishaji wa RGB (ule wa vipande vya rangi), chagua wa kijivu. Rangi zitatoweka. Ukiutaka ule wa rangi, weka mpangilio wa VRGB au VBGR, yaani wa vipande vilivyopangana juu na chini, kutegemea umegeuzia upande gani.

Kuhusu wembamba, kwenye “hinting”, yaani kurekebisha herufi zilingane na pikseli, chagua “slight”: herufi hunyooshwa kwa kimo tu, upana wake hauguswi. “Full” huzibana zikae kwenye pikseli kamili. Wapo waipendao, mimi hunikera.

Kisha andika fc-match sans kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) uone fonti gani hasa inatumika. Ikiwa ni nyembamba kwa asili yake, weka DejaVu Sans. Funga programu zako na uzifungue upya, maana nyingi husoma mipangilio zinapoanza.