Maswali ya Wasomaji: Gego la Juu Linauma, Kumbe ni Mafua

SWALI: Mafua yamenishika wiki nzima, pua ya kushoto imeziba. Sasa magego ya juu upande huohuo yananiuma, hasa boda boda ikipita kwenye mashimo. Usiku mdomo unakauka, asubuhi unanuka. Nataka kung'oa gego. – Msomaji, Arua

JIBU: Ngoja kwanza. Huo mtikiso wa boda boda umetupa fununu. Juu ya mizizi ya magego ya juu, ndani ya mfupa wa taya la juu, nyuma ya shavu, kuna uwazi uitwao sainasi. Kirusi cha mafua kikivimbisha utando wake, ute hukosa pa kutokea, na shinikizo linafika kwenye neva za meno.

Jipime. Inama kama unayefunga kamba za viatu, kisha simama kwa vidole vya miguu na ushuke ghafla kwa visigino. Meno mawili matatu yakiuma kwa pamoja na shavu likawa zito, mshukiwa ni sainasi. Lakini likiwa jino moja tu, linaloshtuka kwa maji baridi na kuendelea kuuma, au linalokuamsha usiku, hilo ni la daktari wa meno, mafua yawepo yasiwepo.

Safisha pua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Mafua yakipita siku 10, au ukapata nafuu kisha homa ikarudi, nenda kituo cha afya.

Mdomo unakauka kwa sababu unapumulia hapo. Mate ndiyo yanayoosha meno na kupunguza makali ya asidi, na usingizini hupungua mno hata kwa mtu mzima wa afya. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi huyakausha zaidi. Halafu kuna sirapu ya kikohozi, ambayo mara nyingi ina sukari. Watu hupiga mswaki, humeza kijiko cha sirapu, hulala. Sukari inakesha kwenye meno. Geuza mpangilio: sirapu kwanza, sukutua kwa maji, ndipo upige mswaki kwa dawa yenye floridi. Tema povu, usisukutue tena. Chai ya limau na asali inywe mara moja ikaishe, si kuionjaonja kutwa, na mswaki usubiri nusu saa.

SWALI: Mtoto wangu wa miezi 7 ana mafua na homa. Mama mkwe ameona uvimbe mweupe kwenye fizi, anasema ni ebiino, yaani “meno ya uongo” yanayodaiwa kuleta homa, utolewe. – Msomaji, Kampala

JIBU: Usikubali, dada, ingawa mama mkwe umjibu kwa heshima. Uvimbe huo ni chonge ya utoto ambayo bado haijaota. Ikichokolewa kwa njiti ya baiskeli, mtoto anaweza kuvuja damu, kupata pepopunda, na chonge ya ukubwani ikaota vibaya au isiote kabisa. Fizi hazina kosa. Homa mpeleke ikapimwe, malaria ikiwemo.

Mtoto akiwa ametulia, tazama tumbo lake na uhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Kwa umri wake, zikifika 50 au zaidi, kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, usingoje asubuhi: mpeleke hospitali.