Tahajudi ya pumzi: ushahidi upo, ila na mipaka yake

Dada wa Ujiji, umeuliza kama tahajudi ya kufuatilia pumzi (kukaa kimya ukiangalia pumzi yako inavyoingia na kutoka) ina ushahidi, na kama inaweza kuchukua nafasi ya vidonge vyako vya wasiwasi. Ushahidi upo. Mwanasayansi Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliichota kwenye mapokeo ya Kibuddha, na mwaka 1979 akaanza kuifundisha hospitalini Massachusetts, Marekani, bila mambo ya dini. Siku hizi ni kozi ya wiki 8. Mwaka 2014 watafiti walijumlisha majaribio 47: wasiwasi, sonona na maumivu vilipungua kwa kiasi, lakini haikuonekana kuzidi dawa wala mazoezi ya mwili. Jaribio la 2022 liliishindanisha na dawa ya wasiwasi iitwayo escitalopram, matokeo yakakaribiana. Ila washiriki wa jaribio hilo walikuwa na mwalimu na walifanya mazoezi nyumbani kila siku, si kuangalia video ya dakika mbili.

Inavyofanya kazi: umekaa Kibirizi unasubiri boti, wazo la deni linakujia. Hulifukuzi, hulifuati. Unaliona, unarudi kwenye pumzi. Ukizoea, halikuburuzi tena mpaka usiku.

Zile habari kwamba wiki 8 zinabadilisha umbo la ubongo zipuuze. Utafiti wa picha za ubongo wa 2022 haukuliona hilo. Vidonge usiache bila kuongea na daktari.