Majibu kwa Wasomaji: Umeme Unaomilikiwa na Wanaoutumia

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anaishi katika jimbo la Georgia, Marekani, mbali na mji. Anasema umeme anaoutumia hauuzwi na serikali wala na tajiri yeyote, bali na chama cha ushirika ambacho yeye mwenyewe ni mwanachama, na kwamba mwaka huu chama kimemrudishia fedha kidogo. Mimi nimo katika ushirika wa maziwa, kwa hiyo mambo ya ushirika siyo mageni kwangu. Lakini maziwa nayatoa mimi, umeme mwanangu hautoi. Inakuwaje mnunuzi awe ndiye mwenye mali, na chama cha namna hiyo kinawafaaje watu wa kijijini? (Mama msomaji, Muheza)

JIBU: Shikamoo, Mama. Mwanao amekueleza sawasawa, na tofauti uliyoiona ipo kweli. Ushirika wenu ni wa wazalishaji, ambao hukusanya maziwa ili wapate bei ya maana sokoni. Ushirika wa umeme ni wa watumiaji, waliojiunga ili wajipatie huduma ambayo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuwafikishia.

Katikati ya miaka ya 1930, takriban mashamba 9 kati ya 10 nchini Marekani hayakuwa na umeme, ingawa miji ilikuwa imeupata miaka mingi nyuma. Makampuni ya umeme yalipiga hesabu ya nguzo na nyaya, yakaona nyumba ziko mbalimbali mno, yakaacha. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda wakala wa umeme vijijini, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1936. Wakala huo ulitoa mikopo ya muda mrefu yenye riba nafuu, na waliojitokeza kwa wingi kukopa ni wakulima waliounda vyama vyao wenyewe, kwa kiingilio ambacho mara nyingi kilikuwa dola 5, fedha isiyokuwa ndogo kwa mkulima wa wakati ule. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, zaidi ya mashamba 9 kati ya 10 yalikuwa na umeme. Leo vyama hivyo ni kama 900 na vinahudumia watu wapatao milioni 42, huku kila maili moja ya waya ikiwa na wastani wa wateja 8 tu.

Sasa nije kwenye umiliki. Anayeunganishiwa umeme na chama huwa mwanachama, na kila mwanachama ana kura moja, awe na nyumba ya vyumba viwili au kiwanda cha kukoboa nafaka. Wanachama huchagua bodi miongoni mwao, nayo bodi huajiri meneja na kupanga bei. Chama kwa kawaida hakina mtambo wake wa kuzalisha umeme. Hununua kwa jumla, mara nyingi kutoka chama kikuu kinachomilikiwa na vyama kadhaa kwa pamoja.

Fedha alizorudishiwa mwanao zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo umiliki unapoonekana. Chama kikishalipia umeme kilionunua, mishahara na madeni ya mwaka, ziada inayobaki huandikwa kwa jina la kila mwanachama kulingana na kiasi alicholipia umeme. Tuseme mtu amelipa dola 1,500 kwa mwaka, na ziada ni senti 5 kwa kila dola: zitaandikwa dola 75 kwa jina lake. Mara nyingi halipwi papo hapo. Chama hubaki na fedha hizo kwa miaka kadhaa, pengine hata 20, kikizitumia kununua transfoma na kubadilisha nguzo zilizooza badala ya kukopa benki. Bodi ikiona hali inaruhusu, huanza kulipa za miaka ya zamani. Aliyehama huendelea kudai chake, na aliyefariki warithi wake hudai kwa niaba yake. Kwa hiyo mwanao hakupewa zawadi, amerudishiwa mtaji wake.

Kuhusu manufaa mengine, nitataja machache. Tufani ikiangusha nguzo, vyama vya majimbo mengine hutuma mafundi na magari yao kusaidia. Vipo vyama vinavyopeleka hata intaneti majumbani. Kuna pia utaratibu ulioanzishwa mwaka 1989 na chama kimoja cha South Carolina, ambao nauona wa busara sana: ankara ya dola 61 na senti 40 hujazwa ikawa dola 62 kwa ridhaa ya mwanachama, na zile senti 60 huingia katika mfuko wa kusaidia wenye shida katika eneo hilo.

Hata hivyo, mwambie mwanao asiishie kupokea hundi. Udhaifu mkubwa wa vyama hivi ni mkutano mkuu wa mwaka usiohudhuriwa: wachache wakipiga kura, bodi ileile hukaa miaka na miaka, bei hupanda, na wenye mali hupata habari mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Aende, asome hesabu, aulize.

SWALI: Je, nasi wa vitongoji ambavyo nguzo hazijafika tunaweza kuunda chama kama hicho? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Mnaweza, ndugu yangu, na Tanzania tunao mfano: wakazi wa Urambo, mkoani Tabora, walianzisha ushirika wao wa watumia umeme katika miaka ya 1990, wakiendesha majenereta ya dizeli. Bei yao ilikuwa juu kuliko ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, kwa sababu dizeli ni ghali na ilibidi gharama zilipwe na wao wenyewe. Kwa maoni yangu, kitongoji ambacho laini ya REA (wakala wetu wa nishati vijijini) iko mbioni kufika hakina sababu ya kujitwisha mzigo huo, kwa hiyo anzeni kwa kuuliza ofisi ya TANESCO ya wilaya kuhusu mpango wa eneo lenu. Mkijibiwa kwamba zamu yenu bado ni mbali, mwoneni afisa ushirika wa wilaya kuhusu usajili, kisha EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kuhusu masharti ya kuzalisha na kuuza umeme. Msichangishane hata shilingi ya kiingilio kabla ya kuandika nani atakayetunza mitambo na fedha za vipuri zitatoka wapi.