Kabla ya kuchagua chati, andika swali lako

Msomaji mmoja ameniuliza ni programu gani inayotoa chati za kuvutia, maana ana ripoti ya kuwasilisha mbele ya wakubwa. Ndugu yangu, nakuelewa. Sote tunaoshinda na takwimu tunaitamani siku ile ambayo tukifungua ukurasa mmoja tu, chumba kinatulia na uamuzi unatoka palepale. Ila siku hiyo hailetwi na programu.

Mimi imenifika juzijuzi, na siwezi kuficha furaha yangu. Nilikuwa na malalamiko ya wateja, mwezi kwa mwezi, kwa kila idara. Nilichora grafu ya mistari: idara zote rangi ya kijivu, moja tu nyekundu. Mkurugenzi aliinuka kitini, akaweka kidole pale mstari mwekundu ulipoanza kupanda, akauliza, "Hapa kulitokea nini?" Fomu mpya ilikuwa imeanza kutumika mwezi huo. Iliondolewa kabla kikao hakijaisha.

Furaha hiyo ina historia. Kwa miaka mingi mkuu wangu wa zamani alinirudishia kazi akitaka chati ya duara, tena iliyolazwa ionekane nene, kwa sababu eti chati zangu za nguzo ni kavu. Vipande vinane, rangi nane, na wasikilizaji wanahangaika kujua kipi kikubwa. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu halikuwa suala la ladha. William Playfair, Mskoti aliyeandika kuhusu uchumi, alichapisha chati za nguzo na za mistari mwaka 1786, na ya duara mwaka 1801, kwa hiyo zote tunazo tangu zamani. Mwaka 1984 watafiti wa takwimu Cleveland na McGill walionyesha kwa majaribio kwamba jicho hulinganisha vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja kwa usahihi zaidi kuliko pembe. Na duara ni pembe tupu. Ukiilaza, kipande cha mbele kinavimba bila haki.

Kwa hiyo andika swali kwanza, kwa sentensi moja. Kipi kimezidi kipi? Nguzo. Kimebadilikaje kwa muda? Mstari. Je, hiki kikipanda na kile hupanda? Chati ya nukta, kila nukta ikibeba namba mbili. Duara liache kwa sehemu mbili tatu za kitu kizima, basi. Swali kwanza, narudia, chati baadaye.

Na nguzo zianzie sifuri. Hapa sibembelezi mtu. Chukua 50 na 53: tofauti ni asilimia 6. Anzisha kipimo kwenye 48, nguzo ya kwanza inabaki na urefu wa 2 na ya pili 5, na msikilizaji anaondoka akiamini moja ni mara mbili na nusu ya nyingine. Umemdanganya, hata kama kila namba uliyoandika ni ya kweli. Mstari una nafuu, kwa sababu tunasoma mwelekeo wake, si urefu.

Programu uliyonayo inatosha, ndugu yangu. Ondoa kivuli, punguza rangi, na kichwa cha chati kibebe jibu lenyewe: badala ya "Malalamiko kwa mwezi", andika "Malalamiko yalipanda baada ya fomu mpya kuanza".