Maziwa yakikukataa, usiulize kabila kwanza

Mimi maziwa yananikataa. Nikinywa glasi kubwa ya maziwa matupu, haupiti muda mrefu tumbo linaanza kunguruma na kujaa gesi. Dada yangu, tuliyezaliwa naye baba mmoja mama mmoja, anakunywa hayo hayo na wala hashtuki. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "kabila fulani hawawezi maziwa," nabaki nacheka. Kati yangu na dada, nani ametoka nje ya kabila?

Sukari iliyomo kwenye maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktesi katika utumbo mwembamba. Karibu kila mtoto mchanga anacho cha kutosha. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi kinaanza kupungua, na inakadiriwa kwamba kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo. Laktosi isiyovunjwa inateremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wanaichachusha. Hapo ndipo gesi na kuharisha vinapotokea. Kwa hiyo mimi si mgonjwa. Aliyebadilika ni dada.

Mabadiliko yenyewe ni ya herufi moja tu ya DNA. Tena hayako kwenye jeni ya laktesi, yako ndani ya jeni jirani, MCM6, mahali panapofanya kazi kama swichi: kwa wenye mabadiliko hayo, laktesi haizimwi utotoni. Mwaka 2002 watafiti wa Ufini walitambua badiliko linalopatikana sana Ulaya ya Kaskazini. Kisha mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Tanzania, walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona wafugaji wengi wa huku wanameng'enya maziwa vizuri bila kuwa na badiliko lile la Ulaya. Wana yao, matatu, na lililoenea zaidi Kenya na Tanzania linakadiriwa kuwa na umri wa miaka 3,000 hadi 7,000. Yaani Mmasai na Mfini wamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti.

Hili lina matokeo ya moja kwa moja kwa yeyote anayefikiria kupima jeni. Vipo vipimo vinavyotazama lile badiliko la Ulaya peke yake. Mtu wa Afrika Mashariki akipewa jibu kwamba "hana," asiamini haraka, kwani huenda analo jingine ambalo halikutafutwa. Uliza maabara inapima mabadiliko yapi kabla hujatoa pesa. Kipimo cha pumzi kinachopima haidrojeni ni bora kwa swali hili, kwa sababu kinaonyesha tumbo lenyewe linafanya nini.

Makabila nayo hayatii makisio yetu. Katika utafiti ule wa 2007, karibu nusu ya Wahadza waliopimwa walimeng'enya laktosi, na hao ni wawindaji, si wafugaji. Wamongolia wamefuga na kutumia maziwa kwa maelfu ya miaka, lakini wengi wao hawana uwezo huo ukubwani. Maziwa yao mengi huyachachusha, na bakteria wanakula sehemu ya sukari kabla ya mnywaji.

Na ndani ya nyumba moja? Kopi moja ya badiliko, ya baba au ya mama, inatosha. Mzazi mwenye kopi moja ana nafasi nusu kwa nusu ya kumrithisha kila mtoto. Sisi wawili nadhani ndivyo tulivyogawana.

Sasa, kama uko upande wangu, usikimbilie kuacha maziwa kabisa. Wengi wetu tunaweza kuhimili gramu 12 hivi za laktosi kwa mara moja, ambazo ni kama kikombe cha mililita 250, na zaidi kidogo zikigawanywa kwa siku. Mimi nakunywa nusu kikombe pamoja na chakula, kamwe si tumbo likiwa tupu. Mtindi naula bila wasiwasi, jibini ngumu na samli zina laktosi kidogo mno.

Kama maziwa yalikuwa yanakukubali na ghafla yamekataa, fikiria kwanza maambukizi ya tumbo. Kuharisha kunaweza kujeruhi ukuta wa utumbo na kupunguza laktesi kwa wiki kadhaa, kisha ikarudi. Vipele, midomo kuvimba au kubanwa pumzi baada ya maziwa ni mzio wa protini, jambo jingine kabisa na la hatari. Damu kwenye choo au kupungua uzito pia si mambo ya laktosi, muone daktari.

Na tafadhali, mtoto anayenyonya asiachishwe ziwa eti kwa kuwa mama au baba yake hapatani na maziwa. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, na utumbo wa mtoto umeandaliwa kwa hayo. Wanaozaliwa bila laktesi kabisa ni wachache mno, nao huugua tangu siku za kwanza.