Maswali na Majibu: Serikali Imebadilika, Harakati Zifanyeje?

SWALI: Mhariri, kikundi chetu cha Minneapolis kimepigania mageuzi ya polisi tangu George Floyd alipouawa na polisi Mei 2020. Mwaka 2025 serikali mpya ya Washington iliitupa kesi yake dhidi ya jiji letu. Wenzetu wamekata tamaa. Je, tuanze upya?

JIBU: Hapana, msianze upya. Jiji lenu lilikuwa na makubaliano mawili ya kurekebisha polisi, yanayosimamiwa na mahakama, na yaliyokufa ni ya kwanza tu. Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikisha makubaliano yake mahakamani Januari 6, 2025, wiki mbili kabla ya Rais mpya kuapishwa. Hadi Mei jaji hakuwa ameyaridhia, na wizara hiyohiyo ikarudi kuomba kesi ifutwe. Ikafutwa. Makubaliano ya pili ni ya jiji na Idara ya Haki za Binadamu ya Minnesota. Hayo yaliridhiwa na mahakama ya jimbo Julai 2023, na Rais hana saini ya kuyafuta. Yana msimamizi huru anayetoa ripoti kwa umma. Someni kila ripoti, mwandike ni vipengele gani vimechelewa, kisha mpeleke orodha hiyo kwa msimamizi na kwa Baraza la Jiji kabla ripoti inayofuata haijatoka.

Kwa mengine yote mliyowahi kupata, fungueni daftari lenye safu tano: tumepata nini, kimeandikwa wapi, nani anaweza kukifuta, nani kati yetu anakifuatilia, na tarehe gani inayofuata. Safu ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Agizo la Rais huondoka siku moja: lile la Biden la Mei 25, 2022 kuhusu polisi lilifutwa Januari 20, 2025, na hifadhidata ya kitaifa ya makosa ya askari wa serikali kuu ikaenda nalo. Muswada wa mageuzi ya polisi uliopewa jina la Floyd ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2021 ukakwama Seneti, kwa hiyo msiuhesabu kabisa, hata kama mlisherehekea. New York, kwa upande wake, ilifuta kwa sheria ya jimbo, Juni 2020, kifungu cha 50-a kilichoficha kumbukumbu za nidhamu za polisi. Hilo halitegemei nani yuko Ikulu ya Marekani.

Makubaliano ya mahakama yako katikati, na hapo saini ya jaji huamua mengi. Baltimore ilikubaliana na wizara Januari 2017, siku chache kabla ya serikali iliyokuwepo kuondoka. Serikali mpya iliomba muda zaidi, lakini jaji alikataa akasaini Aprili 7. Chicago hawakupata hata nafasi hiyo, maana ripoti ya wizara ilitoka Januari 13, 2017, na mashtaka hayakufuata. Mwanasheria Mkuu wa Illinois ndiye aliyeshtaki jiji Agosti mwaka huohuo, na makubaliano yakaridhiwa Januari 2019. Vikundi vya wananchi navyo vilikuwa vimefungua kesi zao, na mwaka 2018 vilipewa kwa maandishi haki ya kwenda mahakamani jiji likizembea. Kwa maoni yetu huo ndio mfano bora wa kufuata: ukiwa na nafasi yako mahakamani, huhitaji kusubiri wizara ikuonee huruma.

Jambo la mwisho, na lifanyeni wiki hii: pakueni ripoti zote za uchunguzi na mzihifadhi sehemu mbili tofauti. Mei 2025 wizara ilitangaza kuondoa matokeo yake kuhusu Phoenix, Memphis na miji mingine kadhaa. Ushahidi uliomo bado unaweza kumsaidia mwanasheria wenu kujua amuulize nani na aombe nyaraka gani.

SWALI: Kwetu ni kinyume. Waliotuahidi mabadiliko wameshinda, na sasa ukumbi uliokuwa ukijaa haufikishi watu kumi. Wengine wanasema tuwape viongozi muda.

JIBU: Muda huo hutumiwa na wapinzani wenu. Rais Lyndon Johnson wa Marekani alishinda kwa kishindo Novemba 1964, miezi minne baada ya kusaini Sheria ya Haki za Kiraia. Harakati hazikumpa mapumziko: Januari 1965 kampeni ya haki ya kupiga kura huko Selma, Alabama, ilikuwa imeanza, Machi 7 waandamanaji walipigwa kwenye daraja la Edmund Pettus, na Agosti 6 Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilisainiwa. Rafiki Ikulu alisaidia kwa sababu alisukumwa.

Watu hawaji mkutanoni kwa sababu mkutano hauna kazi. Mpeni kila mmoja jambo lenye tarehe. Bajeti ndiyo rahisi zaidi: Minneapolis, kwa mfano, meya huwasilisha mapendekezo Agosti na Baraza hupitisha Desemba. Watu wanne wanatosha kusoma kifungu cha polisi, wawili wa kuzungumza kwenye kikao cha wazi, mmoja wa kuhesabu kura za madiwani. Kalenda ya pili ni ya mkataba wa kazi kati ya jiji na chama cha polisi. Vipengele vinavyofuta kumbukumbu za nidhamu baada ya muda hujificha humo, na mkataba ukishasainiwa mnangoja miaka. Anzeni miezi sita kabla haujaisha.

SWALI: Shirika letu limesajiliwa chini ya 501(c)(3), kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani kinachosamehe kodi mashirika ya hisani. Mfadhili anatuambia tukishawishi wabunge tutapoteza usajili. Kweli?

JIBU: Si kweli. Mnachokatazwa kabisa ni kuunga mkono au kupinga mgombea. Kushawishi wabunge kuhusu sheria kunaruhusiwa kwa kiasi. Jazeni fomu namba 5768 ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), ukurasa mmoja tu, na kipimo kitakuwa cha fedha: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yenu ya shughuli za shirika. Mkitumia dola 200,000 kwa mwaka, mna dola 40,000 za ushawishi, na kati ya hizo zisizidi 10,000 kuwahimiza wananchi wapige simu kwa wabunge. Andikeni saa za wafanyakazi kila wiki. Bila kumbukumbu mnaweza kukwama kwenye ukaguzi, hata kama matumizi yenu yako chini ya kiwango.

SWALI: Mwenyekiti wetu ameteuliwa kwenye ofisi ya meya. Anataka kubaki na kofia zote mbili.

JIBU: Achague moja, na mapema. Afrika Kusini, UDF, muungano wa mamia ya vikundi vilivyopinga ubaguzi wa rangi tangu 1983, ulijivunja Agosti 1991, baada ya chama cha ukombozi cha ANC kuondolewa marufuku, na viongozi wake wengi wakaingia ANC kisha serikalini. Vikundi vya mitaa vilibaki bila wazoefu wao.

Kabla hajaondoka akabidhi nywila, orodha ya wanachama na saini ya benki. Wekeni watia saini watatu, hundi ipite kwa wawili. Akiwa ofisini, msimtume kuwasemea kwa bosi wake. Mkutane naye mkiwa wawili au zaidi, na muhtasari uandikwe siku hiyohiyo.