Lenzi Haipanguswi kwa Mate, Kaka

Jana msomaji mmoja aliniuliza: "Kaka, ni kweli lenzi ya kamera husafishwa kwa mate?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikanyamaza, maana mimi nimewahi kufanya baya kuliko hilo.

Ilikuwa harusi ya Jumamosi huko Ngong. Upepo wa vilima unarusha vumbi na shela pamoja, maharusi wanataka picha jua likizama nyuma yao, nami naona doa kwenye lenzi. Kitambaa nimekisahau kwenye matatu. Nikavuta pindo la fulana yangu, mtumba wa Gikomba, nikaihemea lenzi, nikasugua kama mpiga kiwi wa barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Doa likatoka. Nikajiona fundi!

Nyumbani nilipozifungua picha, ukungu mtupu. Jasho na mafuta ya fulana yalikuwa yamepakaa kioo chote, na jua likikuangalia usoni, mafuta hayo hutawanya mwanga kila upande. Bibi harusi akanipigia: "Hizi ni za harusi ama za Limuru saa kumi na mbili asubuhi?" Salio langu sijalipwa hadi leo. Lakini zile za kanisani, zilizotoka safi, amezijaza mtandaoni. Dada, najua unanisoma.

Mafuta yalitoka. Mikwaruzo haikutoka. Fundi alimulika tochi akanionyesha mistari kama ya paka. Kioo cha lenzi kina utando mwembamba kuliko unywele mara mamia, wa kupunguza mwangaza unaorudi. Wajerumani wa kampuni ya lenzi ya Zeiss walianza kuutumia miaka ya 1930. Chembe ya mchanga chini ya fulana ni msasa juu yake.

Kwa hiyo puliza kwanza. Nunua ile pampu ndogo ya mpira, elekeza lenzi chini, puliza. Kwa mdomo usipulize, unatema mate hata ukijidai hutemi. Kisha brashi laini. Ikibaki alama ya kidole, tone moja la dawa ya lenzi, nalo liweke kwenye kitambaa, si kwenye kioo, lisije likapenya pembeni likaingia ndani. Zungusha kutoka katikati kwenda nje, taratibu. Dawa ya madirisha iache dirishani. Tishu pia hapana. Na kitambaa ukikifua, usitie dawa ya kulainisha nguo, itakurudishia mafuta yale yale. Nimesema kupuliza? Puliza kwanza.

Tena msisugue kila saa, vijana. Punje mbili za vumbi mbele ya lenzi hazionekani pichani. Kioo cha nyuma ya lenzi, upande wa kamera, ndicho cha kuchungwa zaidi. Mnasugua kwa sababu mnataka kuonekana mnajua kazi. Nami nilikuwa hivyo hivyo, nikisugua huku wageni wa harusi wakinitazama.

Lenzi ile ninayo bado. Huifunga kwenye kamera mteja anapotaka picha za "kindoto", na kwa hizo natoza zaidi.